Usanifu wa Sekondari ya Kisasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Lycée Schorge na Shule Zetu

Nikikaa na kamati ya ujenzi wa shule, mazungumzo huanzia kwenye rangi ya bati na aina ya vigae. Mimi huomba tuanze na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekaa dawati la nyuma, saa nane mchana, mwezi wa joto. Anauona ubao? Anamsikia mwalimu? Anapata hewa? Karibu kila jibu hapa chini linamrudia mwanafunzi huyo. Mfano ninaoutumia zaidi ni wa sekondari moja ya Burkina Faso, kwa hiyo maswali mengi ninayoulizwa yanaihusu.

Lycée Schorge ni shule gani?

Ni sekondari iliyoko Koudougou, mji wa tatu kwa ukubwa nchini Burkina Faso, mwendo wa kilomita kama 100 magharibi ya Ouagadougou. Ilikamilika mwaka 2016. Ina majengo tisa madogo yaliyopangwa kuzunguka uwanja wa ndani: madarasa, ofisi, na jengo moja ni kliniki ya meno ya wanafunzi. Aprili joto la huko hupita nyuzi 40, na bado madarasa yanapozwa kwa hewa ya kawaida tu. Ukitaka kujua kama joto la Tabora au Dodoma linaweza kushughulikiwa kwa usanifu, shule hii inakupa jibu.

Aliyeichora ni nani?

Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, mwaka 1965. Utotoni alipelekwa mjini kusoma kwa sababu kijijini hapakuwa na shule, akakaa katika darasa lenye giza na joto, watoto zaidi ya mia wamebanana. Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala, baadaye akasomea usanifu majengo Berlin. Kabla hajamaliza chuo alikuwa ameshachangisha fedha na kujenga shule ya msingi ya Gando, iliyokamilika 2001 na kupata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2004. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Kila nikiangalia michoro yake ya shule namwona yule mtoto aliyekosa hewa.

Kwa nini madarasa yamezunguka uwanja? Hapa kwetu tunayapanga kwenye mstari.

Majengo yakizunguka uwanja hukinga upepo wenye vumbi, na vumbi la Sahel, ukanda mkavu ulio kusini ya jangwa la Sahara, si jambo dogo. Vilevile panapatikana mahali pa wote. Asubuhi ni paredi, mchana ni kivuli cha kusomea, na siku ya mahafali wazazi wanakaa hapo bila kukodi mahema mengi. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili: nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina uwanja wa ndani unaoingiza hewa na mwanga.

Mstari nao una faida yake: kila darasa linaweza kuelekezwa vizuri kwa jua. Ukipanga kwa duara, baadhi ya majengo yataangalia magharibi utake usitake, na hayo lazima yapewe kinga ya ziada. Koudougou walifanya hivyo, kama utakavyoona kwenye swali la miti.

Kuta zake ni za udongo? Mvua ikinyesha je?

Ni mawe ya moramu mwekundu. Moramu wa kule ukichimbwa ungali mlaini, unakatwa na kuchongwa kuwa matofali, kisha ukipigwa na hewa unakuwa mgumu. Ukuta wake ni mnene na mzito. Mchana unameza joto taratibu, usiku unalitoa, wakati wanafunzi wameshaondoka. Kwa shule ya kutwa huo ni mpango mzuri sana. Kwa bweni mambo ni tofauti, maana ukuta huohuo utamtolea joto mtoto aliyelala. Kwa hiyo msichukue ukuta wa darasa mkaupeleka bwenini bila kufikiri.

Nasi tunaweza kukata mawe ya namna hiyo?

Si kila mahali. Moramu mwingi wa kwetu ni changarawe ya barabara, haukatiki vipande. Kilifi na Mombasa wana mawe ya matumbawe. Nairobi na viunga vyake wana mawe ya machimbo. Kwingineko, udongo mwekundu uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwenye mashine hutoa matofali ya kufungamana, ambayo kwa Tanzania Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka mingi. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuru. Ila yanadai nidhamu: udongo upimwe kwanza, na tofali limwagiliwe maji na kufunikwa siku zote zinazotakiwa. Nimeona matofali yaliyoachwa juani siku ya pili yakamung'unyika kama biskuti.

Darasa linapoaje bila feni wala kiyoyozi?

Hapa ndipo ninapoomba muda, maana ndiyo kazi yenyewe.

Joto kubwa la darasa haliingii kwa dirisha, linashuka kutoka juu. Bati lililopigwa na jua kuanzia saa tatu asubuhi linakuwa jiko, na chini yake kuna vichwa 40. Kéré alifanya jambo ambalo fundi yeyote wa kenchi anaweza kulielewa. Alilitenganisha bati na chumba: dari nzito iko chini, bati limeinuliwa juu kwa kenchi za chuma, na katikati kuna nafasi ambamo upepo unapita. Bati linachomwa na jua, upepo unaondoa joto lake, dari inabaki na kivuli. Kule Gando kenchi zilichomelewa kwa nondo za kawaida palepale kijijini, zikapandishwa kwa mikono kwa sababu winchi haikuwepo.

Lycée Schorge imeongeza mambo mawili. Dari yake ni ya mawimbi, nyeupe, yenye nafasi za kupitisha hewa. Hewa ya moto, ambayo siku zote hupanda, inatoka hapo. Na juu ya paa kuna minara ya hewa inayosaidia kuivuta itoke, ili hewa baridi iingie kwa chini kupitia madirisha. Weupe wa dari nao una kazi, kwani unatawanya mwanga wa nje usiokuja na jua kali, hivyo mwanafunzi anasoma mchana bila taa.

Mlio Kenya mnaweza kuona mbinu hiyo karibu zaidi. Kando ya Ziwa Turkana, ofisi ya Kéré ilijenga chuo cha teknolojia cha Startup Lions, kilichokamilika 2021, chenye minara mirefu ya hewa iliyotokana na wazo la vichuguu vya mchwa.

Kama hamwezi minara, fanyeni haya: dari iwepo, bati liwe jeupe au rangi ya fedha badala ya bluu iliyokolea, na kuta mbili za pembetatu za mwisho wa paa ziachwe na matundu makubwa yenye wavu wa kuzuia popo. Matundu hayo ni kazi ya siku moja ya fundi.

Na kelele za mvua juu ya bati?

Aliyewahi kufundisha mwezi wa nne anajua: mvua ikianza mwalimu anaweka chaki chini. Kipindi cha dakika 40 kinakufa. Dari nzito iliyoachana na bati ndiyo dawa, ileile ya joto. Dari nyepesi inapunguza kidogo. Bila dari, hakuna kitakachosaidia.

Ile miti iliyosimamishwa nje ya madarasa ni urembo?

Hapana. Ni nguzo nyembamba za mkaratusi, mti unaokua haraka na ambao kwa kawaida huishia kuwa kuni. Zimepangwa kama pazia kuzunguka madarasa. Zinazuia jua la pembeni na vumbi, na kati ya pazia na ukuta pamebaki kibaraza chenye kivuli ambapo wanafunzi wanasubiri kipindi au kupiga soga. Kwetu tahadharini na mchwa: mirunda isigusane na ardhi, ikae juu ya zege au kibati, na iwe imetiwa dawa.

Darasa lielekezwe wapi?

Urefu wa jengo uende mashariki hadi magharibi, madirisha yaangalie kaskazini na kusini. Ukikumbuka jibu moja tu la ukurasa huu, likumbuke hili, kwa sababu halina gharama yoyote likiamuliwa kwenye karatasi na haliwezi kurekebishwa msingi ukishachimbwa.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye sekondari moja ya mkoa wa pwani kuangalia nyufa. Nyufa zilikuwa za kawaida. Kilichonishtua ni ubao. Nusu ya kulia ilikuwa imechakaa hadi rangi imetoka, na nusu ya kushoto ilikuwa nyeusi kama imepakwa wiki iliyopita. Nikamuuliza mwalimu. Akaniambia, "Subiri saa tisa." Saa tisa jua likaingia kwa madirisha ya magharibi, likaukalia upande ule wa kushoto, ukang'aa kama kioo. Watoto wakanyanyuka bila kuambiwa, wakasukuma madawati kuelekea ukuta wa mashariki, wakabanana watatu watatu. Sakafu ilikuwa na mikwaruzo ya miguu ya madawati, njia ileile kila siku. Jengo lile lilielekezwa magharibi ili litazame barabara, mgeni apendezwe. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao haujaisha.

Sasa hesabu kidogo. Dar es Salaam iko kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri mwezi Juni hupita upande wa kaskazini, kama nyuzi 30 kutoka utosini, na Desemba hupita kusini, kama nyuzi 17. Upande wa kaskazini ndio unaohitaji upenu mrefu zaidi. Ili kivuli kifunike mita moja na nusu kuanzia usawa wa upenu kwenda chini saa sita mchana wa Juni, upenu utokeze karibu sentimita 90. Kibaraza cha mita mbili kinamaliza mjadala, na watoto wanapata pa kupita wakati wa mvua.

Vioo vikubwa kama vya benki havifai?

Havifai kwa darasa. Kioo kisichofunguka kinaingiza joto na kulifungia ndani.

Darasa liwe na ukubwa gani?

Mwongozo wa usalama shuleni wa Kenya wa mwaka 2008 unataja mita 7.5 kwa 6 au kwa 6.25, kwa wanafunzi 30 wa dawati la mtu mmoja au 40 wa dawati la wawili. Tanzania nayo hutaja wanafunzi 40 kwa darasa la sekondari. Hapo kila mwanafunzi ana mita moja ya mraba na ushee. Tunajua hali halisi ya shule nyingi, kwa hiyo mkiweza kuongeza mita moja ongezeni.

Madirisha yawe pande zote mbili. Mwanga wa dirisha la upande mmoja unafika ndani kama mara mbili ya kimo cha juu ya dirisha, kwa hiyo dirisha linaloishia mita 2.4 linaangaza takriban mita 5, na safu za mwisho zinabaki gizani. Isitoshe, hewa haiwezi kuingia mahali isipokuwa na pa kutokea.

Bweni lina masharti gani?

Naomba kila mjumbe wa bodi asome jibu hili taratibu.

Machi 2001, shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, ilipoteza wavulana 67 katika moto wa bweni. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 1994 sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo, Tanzania, ilipoteza wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2017 walikufa wasichana 10 katika Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024 walikufa wavulana 21 katika Hillside Endarasha, Nyeri, na hao walikuwa wa shule ya msingi.

Mwongozo ule wa Kenya wa 2008 uliandikwa waziwazi: mlango kila mwisho wa bweni na mlango wa dharura katikati, upana wa mlango usipungue futi 5, milango ifungukie nje na isifungwe kwa nje wakati watoto wako ndani, nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda na njia ya mita 2. Madirisha yasiwe na grili na yafunguke kirahisi kwenda nje. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji teknolojia. Ni bawaba kugeuzwa upande na nondo kutowekwa.

Huwa naambiwa, "Mwalimu, bila grili wataiba, na wanafunzi watatoroka." Naelewa hofu hiyo. Wekeni uzio, mlinzi, taa za nje na matroni anayelala jirani na bweni. Nimeshakataa kuweka sahihi yangu kwenye mchoro wa bweni lenye grili, na nitakataa tena.

Tetemeko la ardhi linatuhusu?

Linawahusu sana walio kwenye Bonde la Ufa na kandokando yake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, na sekondari kongwe za Ihungo na Nyakato mjini Bukoba ziliharibika vibaya. Kwa jengo la chini, kinga kubwa ni lenta ya zege yenye nondo inayozunguka jengo zima bila kukatika, kuta za pembetatu za paa kufungwa kwenye lenta hiyo, na madirisha kuwa mbali na pembe za jengo. Fundi akiwaambia lenta juu ya dirisha tu inatosha, mkatalieni.

Vyoo vingapi?

Tanzania inatumia tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 inahitaji matundu 20, na pawepo chumba cha kujisitiri chenye maji, kioo na pa kutupia taulo za kike. Kiwekwe kwenye ramani tangu mwanzo, maana kikiachwa kwa awamu ya pili huwa hakijengwi. Milango ya vyoo vya wasichana isitazamane na uwanja wa mpira.

Maji ya mvua yanatosha?

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la darasa la mita 10 kwa 8, mvua ya milimita 30, ni lita 2,400. Toa kidogo ya kwanza inayosafisha vumbi. Madarasa sita yakiunganishwa kwenye tangi moja yanajaza lita elfu kumi na kitu kwa siku moja ya masika. Kwa kunawa na kusafisha vyoo yanasaidia mno. Kwa kunywa, yatibiwe.

Mtaala mpya unabadilisha jengo?

Unabadilisha, na shule nyingi bado hazijalitazama hilo. Tanzania ilianza mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, katika baadhi ya sekondari mwaka 2024. Kenya imegawa sekondari ya juu kwa njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Useremala, umeme na upishi havifundishiki kwenye chumba cha madawati. Karakana inataka mlango mpana wa kuingiza mashine, sakafu ya zege ngumu, soketi za kutosha na umbali na maktaba. Chora eneo lake leo hata kama fedha zitakuja baada ya miaka mitano.

Tunalazimika kutumia ramani ya serikali. Tunaweza kubadilisha nini?

Mengi kuliko mnavyodhani. Mwaka 2021 Tanzania ilitumia sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa shilingi trilioni 1.3 kujenga madarasa 15,000, na kazi kubwa kama ile haiwezekani bila ramani za pamoja. Siilaumu ramani. Lakini ramani haijui upepo wa kiwanja chenu unatoka wapi. Uelekeo wa jengo, nafasi kati ya jengo na jengo, miti ya kuachwa, rangi ya bati na mahali pa kuweka vyoo ni uamuzi wa siku ya kupima kiwanja. Siku hiyo mhandisi wa halmashauri awepo, mkuu wa shule awepo, na mzee mmoja wa kijiji anayejua maji ya mvua yanapita wapi.

Samani za Lycée Schorge zilitoka wapi?

Zilitengenezwa palepale, kwa mbao ngumu za huko na mabaki ya ujenzi, pamoja na vipande vya chuma vilivyobaki kwenye paa. Nawashauri mweke kwenye mkataba kwamba mabaki ya nondo na mbao ni mali ya shule. Kwa kawaida huondoka na gari la mwisho la kontrakta.

Sisi tumeshajenga, na tumekosea. Tuanzie wapi?

Anzeni na bweni. Mwiteni fundi wa kuchomelea aje na mashine ya kukatia, aondoe grili na kugeuza milango ifungukie nje. Kisha pakeni dari rangi nyeupe, toboeni matundu ya hewa kwenye pembetatu za paa, na ongezeni kibaraza upande wa magharibi hata kama ni cha mirunda na makuti. Pandeni miti upande huohuo kabla ya masika, mita nne au tano kutoka ukutani ili mizizi isiguse msingi. Mwarobaini hustahimili ukame, na ukiumwagilia miaka miwili ya kwanza, watoto wa kidato cha kwanza wa leo watakaa chini ya kivuli chake kabla hawajamaliza kidato cha nne.